Mji Ndani ya Buti

Soli ya buti ilibanduka katikati ya stendi, watu wakipigana vikumbo, na mwenye buti akachechemea mpaka kwenye kibanda cha fundi viatu. Shati lake la bluu lilikuwa limepauka, magoti yamejaa udongo. Fundi, dada wa kilemba cha njano na vidole vinavyonuka gundi, aliligeuza lile buti. Kikadondoka kigae.

"Kaka, unatembea na chungu kiatuni?"

"Taratibu, dada! Huo ni mji."

"Mji mzima ndani ya buti?" Alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Kijana alikuwa fundi bomba. Kwenye mitaro yake aliokota vigae na shanga, akajifundisha mambo ya kale kwa vitabu vya kuazima. Aliamini zamani kando ya mto palikuwa na mji mmoja mkubwa. Wenzake walimcheka: vijiji viwili tu, kimoja huku, kimoja ng'ambo. Dada akambatiza Bwana Vigae; yeye akamwita Gundi. Simu zikaanza.

"Umekula, Gundi wangu?"

"Nimekula. Mji wako umeamka?"

Kabla Gundi hajajijua, alishapenda mzimamzima.

Siku moja alikuwa chumbani kwa mpenzi wake akimsubiri, akaona mabeseni mawili ya vigae. Fundi gani ataona kitu kimevunjika akakaa mikono mitupu? Akatoa gundi. Bwana Vigae aliporudi, alikuta nusu chungu mezani na mabeseni yote matupu.

"Umefanya nini? Hili lilikuwa la huku, lile la ng'ambo! Nitajuaje sasa kipi kimetoka wapi?"

"Nilitaka kukufurahisha, mpenzi."

"Umeniulia mji wangu!"

"Basi uoe huo mji!" Akachukua mkoba wake akaondoka, machozi yakimlengalenga.

Simu ikanyamaza. Gundi alishona viatu vya watu kwa hasira, ila hasira zilipopoa alibaki kujiuliza: mbona vile vigae viliingiana bila taabu?

Asubuhi moja Bwana Vigae akatokea kibandani, chungu kimefungwa kwenye taulo.

"Nisamehe. Nilishika kisu nivibandue, ndipo nikatazama vizuri. Hiki kina udongo mwekundu wa huku. Hiki, mweusi wa ng'ambo. Na mchoro unapita moja kwa moja."

Gundi alipitisha kidole kwenye kiungo. Hata unywele usingepenya.

"Chungu kimoja? Sasa nani alikivusha mto?"

"Sijui! Ila huenda watu wa huku na wa kule walikuwa wamoja. Miaka yote nimeyatenga yale mabeseni, kumbe nilikuwa naukata mji wangu vipande viwili kwa mikono yangu. Twende tukachimbe wote."

"Si nilikwambia uuoe?"

"Nimeona nimpose aliyeuunganisha."

Gundi aliinamisha uso kuficha tabasamu, akaona soli imeachama tena.

"Lete hilo buti," akasema. "Sitaki mchumba anayechechemea."