Mishono ya Mfarishi wa Dada

Nyumbani walimwita Sisimizi, kwa sababu tangu alipojifunza kutambaa hakuna aliyewahi kumwona ametulia mahali pamoja. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na bado alipiga mswaki akizunguka uani na kufanya hesabu huku mguu mmoja ukitikisika chini ya meza. Kila alasiri alirudi shuleni, akavua sare, akanawa uso, kisha akaingia chumba cha mbele. Humo shangazi yake, fundi wa nguo, alikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia na rundo la vitambaa lisiloisha.

Wiki hiyo kutulia kulikuwa kugumu zaidi. Dada yake alikuwa anaondoka Jumamosi kwenda chuo cha uuguzi, katika mji wa mbali wenye baridi. Dada ndiye aliyemsuka nywele na kumsomesha hesabu, na wawili hao walikuwa wakilala kitanda kimoja miaka yote. Sisimizi hakutaka kuifikiria Jumamosi, lakini kadiri alivyoikwepa ndivyo ilivyomganda.

Shangazi alikuwa anamwandalia dada mfarishi, yaani blanketi la matabaka matatu: kitambaa juu, pamba katikati na bitana chini. Juu yake alikuwa ameshonea picha zilizokatwa kwa vitambaa vya rangi: mlango wao wa buluu, birika, jogoo mwenye mkia mrefu kupita kiasi, na wasichana wawili waliolala chini ya shuka moja, vichwa tu vikionekana. Matabaka yalikuwa yameshapigwa bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda. Kilichobaki ni mishono yenyewe.

Jumatatu Shangazi alimwita. "Njoo hapa, mwanangu."

"Abee, Shangazi."

"Mimi nimeelemewa na sare za shule. Kazi hii nakuachia wewe. Mishono hii haishikilii pamba tu, bali pia inachora nakshi. Chagua mtindo mmoja, uujaribu kwenye kipande cha pembeni, ukifue, ukitazame kikishakauka. Ukiridhika ndipo uguse mfarishi. Chora kwa chaki, na uanzie katikati."

"Sawa, Shangazi, nimeelewa," alijibu Sisimizi, ambaye tayari alikuwa ameshika sindano.

Siku hiyo alichagua mawimbi. Jumanne mawimbi yakamchosha, akataka majani. Kabla ya chakula cha mchana siku ya Jumatano alikuwa ameyaacha majani pia, maana kwenye jalada la daftari la rafiki yake aliona mizunguko kama ya gamba la konokono, na moyo ukamruka.

Alipofika nyumbani hakutafuta kipande cha majaribio. Siku zilikuwa zinakwisha, na kukaa akingoja kitambaa kikauke kulimshinda. Chaki nayo ilifutika kila mkono ulipopita. Akachukua kalamu ya wino. Akaanzia ukingoni, kwa kuwa ndiko mkono ulikofika kwa urahisi, akachora mizunguko na kuishona harakaharaka, kidole kikichomwa hapa na pale.

Jioni Shangazi aliuliza akiwa ameinamia cherehani, "Ulijaribu kwanza?"

"Nilijaribu." Neno lilimtoka kabla hajalipima.

"Ukakifua?"

"Nilikifua. Kilitoka vizuri tu."

"Vizuri. Kesho nionyeshe hicho kipande."

Wakati wa chakula cha jioni Sisimizi alichezea chakula chake. Dada alimtazama kwa pembe ya jicho. "Mfarishi wangu umefika wapi?"

"Utauona ukiisha."

"Mbona umenuna? Nimeuliza tu."

Sisimizi akasogeza sahani, akaivuta tena, kisha akaondoka mezani.

Alhamisi Shangazi alitoka kupeleka sare. Sisimizi aliona ndiyo nafasi yake. Angetengeneza kipande cha majaribio sasa, aseme ni cha jana, na mambo yaishe. Akakata kitambaa, akaweka pamba na bitana, akachora mizunguko mitatu kwa kalamu, akashona, akakitia kwenye beseni la maji ya sabuni.

Maji yakageuka buluu.

Alikisuuza mara tatu. Alipokianika dirishani kwenye jua kali, mistari ya wino ilikuwa imesambaa kama michubuko, na kitambaa chenyewe kimejikunja kama uso wa mtu aliyelamba limau. Akakipiga pasi. Mikunjo ikarudi palepale.

Kulikuwa na njia nyingine. Angeweza kuandaa kipande cha pili kwa chaki, kitoke kisafi, amwonyeshe Shangazi hicho. Alikwisha kukikata na chaki ilikuwa mkononi. Kisha macho yake yakaangukia mfarishi pale mezani. Mizunguko ya wino ilikuwa shubiri moja tu kutoka kwa wale wasichana wawili. Akamwona dada yake huko chuoni, peke yake, akifua mfarishi kwenye beseni, na ile buluu ikitambaa kuelekea nyuso zao.

Akaiweka chaki chini. Alikaa, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi, mpaka Shangazi akaingia.

"Shangazi, nilikudanganya. Sikujaribu. Hiki nimekishona leo, ili nikwambie ni cha jana."

Shangazi alivua viatu taratibu, akakipokea kile kipande, akakigeuza huku na huku. "Na mfarishi ulichora kwa kitu gani?"

"Kwa kalamu hii."

"Wino huu hautoki."

"Hata kwa sabuni ya kipande?"

"Hata kwa machozi, kwa hiyo yafute. Umechora sehemu kubwa kiasi gani?"

"Pembe moja." Akautazama mfarishi. "Pembe moja na nusu."

Shangazi aliguna. Alipima kwa mkono, upande huu na ule. "Tutakata upande huu shubiri moja, na ule wa pili vivyo hivyo, picha zibaki katikati. Jogoo atapoteza mkia. Dada yako utamwambia wewe."

Dada alipoambiwa aliupima mfarishi kwa macho. "Kwa hiyo blanketi langu limepungua shubiri mbili?"

"Ndiyo. Nisamehe, dada."

"Basi nitaikunja miguu. Nipe sindano nami nisaidie."

Ijumaa alasiri, baada ya kukata, Shangazi alitandaza karatasi ya nailoni inayoonyesha juu ya mfarishi, akampa Sisimizi ile kalamu. "Hapa ndipo mahali pake. Chora mitindo yako juu ya nailoni. Kisha ukae utazame mpaka nimalize kutia uzi kwenye sindano tatu."

Mizunguko ya konokono ilionekana vibaya mara moja. Mlango ulikuwa kama unaogelea na birika halikujulikana ni birika. Sisimizi alitaka kuinuka, mguu ukatikisika, lakini alibaki. Mawimbi yalikuwa afadhali, ila bado yaligombana na picha. Ilipofika sindano ya tatu alisema, "Picha zina mambo mengi. Nyuma yake panatakiwa pawe pametulia."

"Sasa unatazama. Endelea."

"Mstari mmoja uzunguke kila picha, ufuate umbo lake. Kati ya picha na picha tuweke miraba ya mshazari, basi."

Walijaribu kwenye kipande, kwa chaki, wakakifua. Kilipokauka kilikuwa kimelala vizuri. Wakaanza katikati, watatu, kila mmoja upande wake, wakashona mpaka usiku wa manane, pindo la mwisho likafungwa.

Jumamosi asubuhi dada aliukunja mfarishi, akaufunga juu ya begi. Akamkumbatia mdogo wake, akapanda garini. Gari lilipopinda kona, Sisimizi aliendelea kupunga mkono.

"Shangazi, bado umenikasirikia?"

"Nilikasirika, na imepita. Sikiliza, mwanangu. Kazi kuharibika ni jambo la kawaida kwa fundi, ndiyo maana ana mkasi wa kukatia na uzi wa kuanzia upya. Lakini Jumatano nilikuwa hatua tatu kutoka kwako; ungeniuliza kabla ya kushika kalamu, ningekusaidia mkia wa jogoo ukiwa mzima. Uliponidanganya ulibaki na tatizo peke yako siku nzima. Ukikosea, sema mapema. Na kabla ya kuanza kazi, kaa uitazame."

Sisimizi alifuta pua kwa kiganja. "Nitajitahidi. Kukaa ndiko kugumu."

"Najua," alisema Shangazi, akamshika bega, wakarudi ndani.