Unyoya Ndani ya Begi

"Kushoto, Baridi! Kushoto! Linakuja na mkia!"

"Nimeliona!"

"Hujaliona, umekufa!"

Kweli alikuwa amekufa. Kwenye kioo cha televisheni, kijana mwenye nywele za buluu na panga refu kuliko mlango alikuwa chali, na juu yake limesimama Dege la Shaba. Dege lile likikunjua mbawa, wanawake wa kijiji cha pili hukimbia kuanua nguo wakidhani mvua imefika. Vitani alibaki binti wa joho jekundu, macho makubwa kama visahani, kama walivyochorwa wote kwenye ule mchezo wa katuni za Kijapani. Binti huyo alichezeshwa na Pindo, fundi cherehani. Marehemu mwenye nywele za buluu alikuwa wa Baridi, fundi mafriji, mchumba wake.

Pindo akabonyeza pedi ya kuchezea mpaka kidole gumba kikawa cheupe. Mstari mwekundu wa damu ya dege juu ya kioo ukaisha; likapiga yowe, likaporomoka, likaacha mifupa miwili.

"Mifupa tena! Mara ya ngapi hii?"

"Mia mbili na kumi na nne," akasema Baridi.

"Aliyetunga mchezo huu ana mama kweli?"

Walichokitafuta kilikuwa unyoya mmoja wa dhahabu. Bila unyoya, lango la mwisho halifunguki, na dege huutoa siku linayotaka lenyewe. Nao walikuwa na lao jingine. Baridi alipomwambia Pindo kwamba anataka kumwoa, Pindo alicheka, akasema, "Siku dege likidondosha unyoya, siku hiyohiyo unakwenda kwa baba." Ulikuwa utani, lakini Baridi akaupokea kwa mikono miwili, na utani ukageuka ahadi. Tangu hapo, kila jioni baada ya kazi, walikaa saa moja sebuleni kwa Shangazi, aliyemlea Pindo tangu mama yake afariki, wakaliua dege. Lilipofufuka, wakaliua tena.

"Baridi, baba!" Shangazi akaita toka jikoni. "Njoo, friji limenyamaza. Limekufa!"

Friji hilo lilikuwa limenguruma siku tatu bila kupumua, na mchana huo Baridi alikuwa amelifungua akalitengeneza. Akaenda, akaweka sikio mlangoni pake kama daktari kifuani kwa mtoto.

"Halijafa, Shangazi. Limefika baridi yake, linapumzika. Friji zima hunguruma, likanyamaza, likanguruma tena. Lisilonyamaza ndilo bovu."

"Basi mimi nilishalizoea likiwa bovu," akasema Shangazi.

Baridi akabaki kukaza skrubu za nyuma. Sebuleni mchezo ukagoma: begi la kijana wa nywele za buluu limejaa, haliwezi kubeba mifupa mingine. Pindo akachukua pedi ya Baridi, akafungua begi atupe takataka. Mifupa. Chuma. Magamba. Mifupa. Na chini kabisa, kinang'aa peke yake kama jino la dhahabu, kitu kimoja.

Unyoya.

Mchezo ule una ukarani wake: kila kitu kimeandikwa tarehe kilipookotwa. Pindo akaisoma mara mbili. Ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Aliikumbuka jioni ile vizuri, kwa sababu baba yake alipiga simu katikati ya pambano, naye akatoka nje kuipokea. "Yule wa mafriji anakuja au haji?" baba aliuliza. "Anakuja, baba, mvumilie." Aliporudi ndani alikuta dege limekufa. "Limetoa nini?" Na Baridi, macho kwenye kioo, akajibu, "Mifupa tu."

"Baridi!"

Akaja anajifuta grisi.

"Hii nini?"

"Unyoya."

"Kuwa ni unyoya naona. Nakuuliza tarehe."

Baridi akaendelea kujifuta vidole vilivyokwisha kutakata.

"Miezi mitatu! Nimelipiga hili dege mara mia moja na thelathini tangu uupate. Kidole changu kina sugu ambayo cherehani haijawahi kunipa! Nimeshona magauni kumi na moja ya maharusi wa watu, na kila nikikunja pindo najiambia, kesho litadondosha, kesho litadondosha. Kumbe lilishadondosha, umelala nao begini! Kama hunitaki, si ungesema?"

"Nakutaka."

"Basi kwa nini?"

Fundi aliyejua kwa nini kila friji la mtaa ule limekataa kugandisha akainama kuokota bisibisi yake. Akachukua boksi la vifaa vyake, akaaga kwa kichwa, akatoka.

Shangazi akaja mbio na mwiko mkononi.

"Kuna nini? Ana mwanamke?"

"Hana mwanamke, Shangazi. Ana unyoya."

"Unyoya wa nani?"

Ndipo Pindo akalia.

Ujumbe ulianza kuingia asubuhi yake, akiwa juu ya cherehani.

"Pindo, naomba nikueleze."

Baadaye: "Si mtu mwingine. Naapa."

Baadaye tena: "Niliogopa."

Akajibu mmoja tu: "Kama ni wa kuogopa, ungeanza na mimi."

Saa tisa mchana Baridi akasimama mlangoni mwa duka la kushonea. Hakuja na boksi la vifaa wala utani. Pindo hakuinua macho. Mashine ikaendelea kula kitambaa.

"Kaa pale. Usikalie shela la watu."

Akakaa. Akaanza kwa sauti ndogo.

"Nilikwambia baba na mama walijenga nyumba yao wenyewe?"

"Ulisema."

"Miaka kumi na moja. Tofali moja moja. Mimi nilikua nikisikia hayo tu: misumari, mchanga, bati. Asubuhi wanapanga, jioni wanagombania upande wa dirisha, wanacheka mpaka majirani wanachungulia. Siku ilipotiwa mlango wa mwisho, mama akapika, tukakaa mezani. Baba akamtazama mama, mama akamtazama baba. Hawakuwa na neno. Wiki ya pili, baba akahamia chumba cha nyuma na redio yake. Yuko huko mpaka leo."

Mashine ikasimama.

"Ulipotoka kupokea simu," Baridi akaendelea, "unyoya ukadondoka. Nikataka kupiga kelele. Halafu nikaona ule mlango. Nikajiuliza, tukishamaliza, mimi na Pindo tutazungumza nini? Nikasema nitamwambia kesho. Kila siku nikasema kesho."

Pindo akachezea uzi. Hasira haikuwa imetoka, lakini ilikuwa imesogea kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Akauwaza ule mchezo. Uzuri wake ulikuwa nao: kuruka toka paa mpaka paa, panga likilia hewani, anga lililopakwa rangi na mtu asiyeogopa rangi. Lakini pale kwenye uzuri walikuwa hawasemi kitu, macho yamekodoka. Ni kwenye ule uchoshi, dege lilelile, ukumbi uleule, ambako vidole vilijiendea vyenyewe na midomo ikapata nafasi. Kwenye mauaji ya arobaini na kitu alimsimulia Baridi mama yake alivyofariki. Kwenye la sabini Baridi alikiri haogelei, na kwamba anaogopa paka. Kwenye la mia na ishirini walitaja majina ya watoto wakagombana.

"Ulinidanganya," akasema.

"Nilikudanganya. Nisamehe."

"Sijafika huko. Jioni njoo nyumbani. Leo tunaumaliza ule mchezo."

Wakaumaliza. Unyoya ukafungua lango. Ndani alikuwepo mfalme mwenye jicho moja, na mfalme yule alikuwa na hotuba. Wakampiga, akapiga goti, akahutubia. Wakampiga tena, akalia, akasimulia utoto wake. Angekuwa mgonjwa wa kweli wangemzika bado yuko katikati ya sentensi. Mara mbili kamera ya mchezo ikajificha nyuma ya nguzo, wakapigana na sauti tu. Shangazi, aliyesema hana muda na ujinga huo, alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo.

Hatimaye mfalme akageuka petali za maua. Upepo ukazichukua. Majina ya waliotengeneza mchezo yakapita, kisha kioo kikawa cheusi.

"Ndiyo hivyo tu?" akauliza Shangazi. Akaguna, akarudi jikoni.

Wawili wakabaki. Pedi magotini. Baridi alikitazama kioo cheusi kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Pindo akatafuta neno, lolote, la mfalme au la kazini. Hakulipata. Kwa mara ya kwanza naye akaogopa. Kimya kikakaa katikati yao, kikajinyoosha. Mguu wa Baridi ulikuwa umegusa wake, na hakuna aliyeuondoa. Jikoni friji likanguruma kidogo, likafika mwisho wa mngurumo wake, likanyamaza.

"Umesikia?" akasema Pindo.

"Nini?"

"Limenyamaza. Na sisi tumenyamaza."

"Nimesikia."

"Limekufa?"

Baridi akainamisha kichwa, sikio upande, kama anavyosikiliza mlango wa friji. Akasikiliza muda mrefu. Bega lake likashuka taratibu.

"Halijafa," akasema. "Limefika baridi yake."

"Basi wewe fundi gani, unajua la friji, la kwako hulijui?"

Baridi akacheka. Pindo naye akacheka, huku akijifuta macho kwa upindo wa gauni.

"Umenisamehe?"

"Mia moja na thelathini, Baridi. Nitakusamehe moja moja. Piga simu."

"Sasa hivi?"

"Tulikubaliana siku hiyohiyo. Umechelewa miezi mitatu."

Akapiga, spika ya simu imefunguliwa ili Pindo asikie.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, baba. Fundi mafriji. Naomba nije na wazee wangu nyumbani kwako Jumapili."

Upande wa pili kukawa kimya. Baridi akakivumilia.

"Ni wewe?" akasema mzee. "Mimi nilidhani umeganda humo ndani. Njoo, baba. Njoo."

Gauni la kumi na mbili, lake mwenyewe, Pindo alilishona mchana mweupe, mlango wa duka wazi, na mgongoni akalitia unyoya mmoja wa uzi wa dhahabu. Waliouliza maana yake waliambiwa ni urembo.

Siku yenyewe wageni walijaa, baba mtu koti limembana, mama na baba wa Baridi wamekaa viti jirani, redio imeachwa nyumbani. Kila kitu kiko tayari, Shangazi hayupo. Wakampigia, hapokei. Wakatuma mtu, akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Mwishowe simu ya bibi harusi ikalia, ujumbe umeingia:

"Anzeni kuingia, mwanangu. Nakuja sasa hivi. Dege limebaki na damu kidogo."