Ada ya Chuo na Hisa za Simu

Mwanangu ni fundi simu. Dada yake ni mshonaji. Wakikutana mezani jioni, utani hauishi.

Marehemu baba yao alituachia akiba. Sehemu kubwa ilikuwa ada ya mjukuu wangu, binti wa mshonaji. Alitaka kusomea uuguzi, na chuo kingefunguliwa mwaka unaofuata. Wanangu walitaka fedha zote zinunue hisa kwanza. Hisa ni sehemu ndogo ya umiliki wa kampuni.

"Tununue za hawa wa simu nyeusi," alisema fundi. "Simu zao ni imara. Hazifiki kabisa kwenye meza yangu. Baada ya miaka kumi tutakula kwa raha."

"Wewe na bisibisi yako!" dada yake alicheka. "Wateja wangu wote wana simu za kampuni ile nyingine. Tena hisa zake ni za bei ya chini. Tutapata nyingi."

"Nyingi, kama vile vitambaa vyako vinavyochuja rangi?"

"Kaka, niondokee!"

Mjukuu wangu alikuwa anamenya viazi. Kisu kilisimama.

"Mama," aliuliza polepole, "na chuo changu?"

Nikamwita jirani, anayefanya kazi kwa wakala wa hisa. Alikuja amevaa kandambili, hata chakula hajala, lakini aliketi nasi kama hana haraka.

"Mama, fedha hizi mtazihitaji lini?" aliniuliza.

"Za ada, mwakani. Zilizobaki hatuna haraka nazo, hata miaka kumi."

"Basi za ada zikae benki. Hisa hupanda na kushuka. Zikishuka wakati wa kulipa ada, mtauza kwa hasara. Zilizobaki zigawanyeni kwa kampuni nyingi, za kazi mbalimbali. Hata hapo, faida haina uhakika."

"Lakini simu zao ni imara!" fundi alisema.

"Ni kweli, fundi. Ila kila mtu anajua hivyo, na bei ya hisa imeshapanda. Ukinunua ghali mno, faida inakuwa ndogo."

"Na zangu za bei ya chini?" mshonaji aliuliza.

"Dada, kitambaa ukikikata vipande vingi, kinaongezeka?"

"Aa! Ni kilekile."

"Na kampuni ni hivyohivyo. Tazama faida yake na madeni yake, si bei ya kipande kimoja."

Tulifanya alivyosema. Mwaka uliofuata hisa za kampuni zote mbili zilishuka.

"Simu hazijavunjika," fundi aliguna. "Bei ndiyo imevunjika!"

Tulicheka, maana ada ilikuwa imeshalipwa. Hisa zetu chache tuliziacha zitulie.

Likizo ya kwanza, mjukuu wangu alirudi na kipimo cha shinikizo la damu. Jirani alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Kipimo kilikataa mara mbili, binti akakifungua kwa haraka.

"Rudia tu, muuguzi," jirani alimwambia. "Sina haraka."