Wavu wa Mbwa kwa Mtu Asiye na Mbwa

"Limeibwa, Gunvor! Wamelichukua!"

Torsten Bylund alisimama uani kwake, mikono kiunoni, akitazama mahali patupu palipozungukwa na theluji. Kijiji kizima cha Kvarnnäs kilikuwa kimeganda. Inspekta Gunvor Hedlund wa polisi wa Östersund akavua glovu moja ili aweze kuandika.

"Gari gani?"

"Stesheni wagoni mpya, ina wiki tatu tu. Magurudumu yote manne yanavuta. Daraja la juu kabisa, si lile la bei poa wanalonunua walimu! Kijani cha msitu, viti vya ngozi rangi ya maziwa, mbao za mwaloni kwenye dashibodi, paa la kioo..."

"Nimekuuliza gari, sijakuomba tangazo. Ufunguo ulikuwa wapi?"

"Ukutani, barazani."

"Na mlango?"

"Nani anafunga mlango huku?"

Gunvor hakushangaa. Alijua pia kwamba kijiji kizima kilishatuma namba ya gari hilo kwa ujumbe wa simu kwenye sajili ya magari na kusoma lilivyosajiliwa, neno kwa neno. Wote walijua, na hakuna hata mmoja aliyempa Torsten hongera. Wivu wa huko hausemi kitu, unakunywa kahawa tu na kutazama nje dirishani.

"Unamshuku nani?"

"Pirjo Niemi, yule fundi, nani mwingine? Jumanne alikuja kulifunga matairi ya barafu. Si alishafungwa kwa wizi wa magari?"

"Miaka tisa iliyopita, Torsten."

"Basi amekumbuka kazi yake!"

Pirjo alikuwa gereji, mikono myeusi kwa grisi. Alipoona sare ya polisi aliweka spana chini taratibu.

"Niko chini ya ulinzi?"

"Bado. Usiku wa kuamkia leo ulikuwa wapi?"

"Nimelala. Shahidi wangu ni mto." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Gunvor, Ijumaa ustawi wa jamii wanaamua kama binti yangu anarudi kwangu. Wakisikia nimekamatwa, basi, nimempoteza. Nakuomba."

Gunvor alitoka pale moyo mzito. Mwendesha mashtaka alimpigia simu mchana huohuo: kufikia Alhamisi jioni, kama hakuna mtuhumiwa mwingine, Pirjo awekwe mahabusu.

Alhamisi asubuhi gari likapatikana. Mtu aliyekuwa akiteleza kwenye theluji kwa ski aliona waya umepita chini ya mlango wa ghala la watu wa Stockholm, wale wanaokuja kiangazi tu. Ndani, gari lilikuwa zima, bila mkwaruzo, limefunikwa mablanketi ya sufu. Waya ulitoka kwenye soketi ya ukuta wa nje wa nyumba hadi kwenye injini, kuipasha joto isigande.

"Mwizi gani huyu anayebembeleza?" aliuliza mtaalamu wa uchunguzi wa kisayansi. "Alama za vidole zimefutwa. Lakini angalia zulia la dereva. Hakuna theluji, hakuna mchanga. Kwenye pedali nimekuta nyuzi za sufu, kijivu na nyekundu."

"Alivua viatu," alisema Gunvor.

"Kama anaingia sebuleni kwa mtu!"

Mwizi wa kuuza vipuri havui viatu. Gunvor alichukua fomu ya kuagizia gari iliyokuwa kwenye kisanduku cha dashibodi, akaisoma mara mbili, kisha akarudi kwa Torsten.

"Una mbwa?"

"Sina."

"Mbona uliagiza wavu wa kumzuia mbwa kwenye buti?"

"Ulikuja na gari."

"Haukuja na gari. Umewekewa alama peke yake kwenye fomu, na umeulipia. Ndoano ya tela pia, na tela huna. Kiti cha nyuma cha kupasha mgongo, na unaishi peke yako. Ulikuwa unamwagizia nani?"

Torsten akawa mwekundu mpaka masikioni. Macho yakamtoka, yakaenda dirishani, kwenye nyumba ya ng'ambo ya barabara.

"Acha mzaha. Sixten hawezi kufanya hivyo."

"Mimi sijamtaja Sixten," alisema Gunvor.

Sixten Bylund, kaka yake mkubwa, mkata miti, alifungua mlango akiwa na soksi za kufumwa, kijivu zenye ukingo mwekundu. Stesheni wagoni yake kuukuu ilikuwa uani, imeliwa na kutu mpaka milangoni.

"Karibu. Vua viatu, kahawa iko tayari."

"Soksi hizo nani kafuma?"

"Mama."

"Torsten naye anazo?"

"Yeye huvaa za dukani."

"Nyuzi za soksi kama hizo zimekutwa kwenye pedali za gari, Sixten."

Sixten aliketi. Mbwa wake, Tussa, akaja kulaza kichwa gotini mwake.

"Lile gari ni langu. Miaka sita, kila Jumapili, nililichagua kwenye kompyuta, kitu kimoja kimoja. Rangi, mbao, wavu wa Tussa, kiti cha mgongo wa mama. Orodha niliibandika kwenye friji. Pasaka Torsten akaja kula, akaipiga picha. Siku alipoliingiza uani kwake nilihesabu. Vyote kumi na saba! Hata kimoja hakubadilisha. Roho iliniuma, Gunvor, chakula hakikupita."

"Ungelipeleka wapi?"

"Hakuna pahali. Nilitaka kukaa ndani tu."

"Na Pirjo? Ulijua wanamsingizia?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza! Na mtoto wake je?"

Sixten akafunika uso. Gunvor akamsukumia simu.

"Mpigie Pirjo. Wewe mwenyewe, sasa hivi. Ukimaliza, vaa viatu twende."

Kituoni, Torsten aliletwa kutia saini ya kupokea gari. Alimkuta kaka yake koridoni, kati ya askari wawili.

"Ungeniomba ningekuazima, mshenzi wewe!"

"Na wewe orodha yangu uliiibia nini? Kijani hukipendi. Mbwa unawaogopa!"

Torsten alizungusha kalamu vidoleni.

"Mama," alisema mwishowe. "Kila nikienda kwake, ni Sixten, Sixten. Ati, 'Gari la Sixten litakuwa na kiti cha kunipasha mgongo.' Nilitaka mara moja tu anisifu mimi."

"Akakusifu?"

"Nililipeleka mpaka mlangoni kwake. Hakutaka kupanda." Torsten alitia saini bila kutazama karatasi. "Alisema atasubiri la kwako."