Soketi Nyuma ya Tangi la Upepo

Kila Jumamosi, kabla hata chai haijachemka, Bi Usafi alikuwa ameshafagia uwanja, ameosha vyombo na kuanza kutafuta kitu kingine cha kusugua. Jina hilo alipewa na baba yake, dereva wa lori, na lilimkaa sawasawa. Sufuria za nyumba ile hazikujua kupumzika.

Jumamosi hii alipata kazi ya kumtosha. Lori la baba lilisimama uani, limepakwa matope hadi madirishani. Jana yake mvua iliharibu barabara, na baba akalazimika kupita porini kutoka shambani kwa shangazi. Nyuma, chini ya turubai, kulikuwa na matenga ya nyanya za shangazi, za kupelekwa sokoni asubuhi hiyo. Shangazi alizimwagilia kwa ndoo kiangazi kizima, mpaka viganja vikaota sugu. Sasa zilikuwa zimeiva kabisa, na zisingevumilia jua la siku nyingine.

"Futa taa na vioo tu," baba alimwambia. "Nyaya usiziguse. Matope ya huko nitayatoa mwenyewe kwa brashi yakishakauka."

Bi Usafi alifuta taa zikang'aa. Kisha akainama, akaona nyuma ya tangi la upepo wa breki soketi ya nyaya iliyoganda matope. Roho ilimwasha. Aliichomoa, akaisuuza kwenye ndoo, akaisukuma irudi mahali pake. Ilikuwa ngumu kidogo, akailazimisha. Aliposikia baba anakohoa mlangoni, aliruka na kushika kitambaa cha vioo.

"Taa zimependeza," baba alisema. "Hukugusa kwingine?"

"Sikugusa, Baba."

Baba na shangazi, aliyekuja na nyanya zake, wakapanda. Baba akazungusha ufunguo. Kimya. Hata taa za dashibodi hazikuwaka. Akazungusha tena na tena, akateremka akiwa amekunja uso.

"Jana limetoka kwenye tope lenyewe likinguruma," alisema. "Leo limelala kavukavu, limegoma!"

Waliita fundi wa umeme wa magari, mzee mmoja mcheshi ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche. Alifika na mkoba wake begani.

"Shikamoo, Fundi," Bi Usafi alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, Bi Usafi! Leo umeliosha lori mpaka likazimia?"

Watu wazima wakacheka. Yeye aliendelea kufuta kioo ambacho tayari kilikuwa safi.

"Kuna mtu amegusa nyaya?" Cheche aliuliza.

"Hakuna," baba alijibu. "Nimeshamuuliza binti yangu."

"Basi ni matope tu. Tutayafuata yalikojificha."

Cheche alipima betri kwa mita, akakuta ina nguvu. Akatoa fyuzi moja moja, zote nzima. Akafungua waya mnene unaounganisha betri na chuma cha lori, akaukwangua matope kwa msasa na kuukaza upya. Baba akajaribu ufunguo. Hakuna kitu. Cheche akaingia chini ya lori, akamulika kwa tochi. Mwanga ulifika nyuma ya tangi la upepo. Fundi aliitazama ile soketi, akaiona imeungana, akaendelea mbele.

Jua likapanda. Wakakaza turubai ili litoe kivuli zaidi, lakini chini yake joto lilizidi. Kutoka kwenye tenga la pembeni, maji mekundu yakaanza kudondoka. Shangazi aliweka beseni chini yake. Haikusaidia chochote, ila mikono yake ilihitaji kazi. Baba alipiga simu huku na huku akitafuta lori lingine, na kila aliyempigia alikuwa amekwamishwa na barabara ileile.

Bi Usafi alikaa kwenye kizingiti. Alitaka kusema, lakini kila dakika iliyopita ilifanya neno liwe zito zaidi. Mwanzoni angesema, "Baba, niligusa." Sasa ingebidi aseme pia, "Na nilikudanganya, na nimewatazama mkihangaika." Akayameza yote.

Hatimaye Cheche alitoka chini ya lori, akafuta mikono bila kufanya mzaha wowote.

"Mama, nisamehe," alimwambia shangazi. "Hapa lazima nifungue dashibodi nzima, nifuate waya mmoja mmoja. Leo halitoki."

"Kosa ni langu," baba alisema akiwa ameinamisha kichwa. "Ningesubiri barabara ikauke, nisingelipitisha porini."

"Usijilaumu, kaka yangu," shangazi alisema. Kisha akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Bi Usafi hakuwahi kumwona shangazi yake akilia.

Alisimama.

"Si kosa la Baba. Ni mimi. Nilichomoa soketi nyuma ya tangi la upepo, nikaiosha."

Cheche alirudi chini palepale. Alipoivuta soketi, maji machafu yalimchuruzikia kiganjani. Pini moja ndani ilikuwa imepinda. Aliinyoosha kwa koleo ndogo, akaikausha soketi kwa kitambaa na kuipuliza, kisha akaibana mpaka ikalia *kli*.

Baba akazungusha ufunguo. Lori likanguruma.

Hakuna aliyeshangilia. Shangazi alikuwa juu, akipangua matenga. Nyanya za chini zilikuwa zimepondeka, na nyingine nyingi zilikuwa zimelainika.

Cheche alifunga mkoba wake taratibu. "Kuichomoa ile soketi ni kosa dogo, binti yangu. Ungeniambia nilipofika, ningemaliza kabla jua halijawaka. Mimi natengeneza kinachoharibiwa na maji na matope. Nikiambiwa uongo, naanza kutengeneza kizima na kuacha kibovu."

"Nisameheni," Bi Usafi alisema, machozi yakimtoka.

Baba aliinama kwenye dirisha la lori. "Nimekusamehe. Lakini nyanya hazirudi."

Shangazi alifungua mlango wa lori.

"Panda," alisema. "Leo utauza na mimi. Na mteja akiuliza kwa nini nyanya zetu zimelainika, utamjibu wewe."

Bi Usafi alipangusa uso, akapanda.