Makofi kwa Mwanafunzi wa Nyuma

Kivuli cha Daktari Tusajigwe Mwakibete kiliingia Ukumbi wa Pili bila kufungua mlango. Kilitokeza tu mbele ya ubao, mwanga uliojikusanya ukawa mama wa makamo mwenye miwani na kitenge begani. Kikakohoa kidogo, kama anavyokohoa mwenyewe, kikaanza kufundisha mekanika ya udongo.

Mwenyewe alikuwa ofisini kwake ghorofa ya juu, akichemsha chai ya mtu mmoja.

Hayo yalikuwa matunda ya Tuzo ya Mwalimu Bora. Zamani tuzo ilikuwa cheti na wali kuku. Siku hizi Chuo Kikuu cha Uporoto kikikutuza, Idara ya Ubora inakurekodi muhula mzima, sauti, mikono, utani, mpaka kikohozi, kisha inakuundia kivuli cha mwanga kifundishe na kuwajibu wanafunzi badala yako. Kila kiti ukumbini kina taauelewa, taa ndogo inayosoma ubongo wa aliyeketi: kijani akielewa, njano akisita, nyekundu akipotea. Mbele ya kivuli cha Tusajigwe taa zilikuwa kijani tupu. Basi akatuzwa tena, na tena, naye hajashika chaki tangu tuzo ya kwanza. Watu walimpongeza kwenye ngazi, wakapita. Alikuwa na hamu ya kelele za darasa, lakini angemlilia nani? Nani amhurumie mtu aliyeshinda?

Hodi ikabishwa mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Ambilikile. Karibu chai."

"Nimeshakunywa, ahsante." Ambilikile Sanga alikuwa mkuu wa Idara ya Ubora sasa, suti imemkaa sawasawa, lakini aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Akamsogezea kibao cha kioo. "Mchana unapokea tuzo ya taifa. Kilichobaki ni kidole chako hapa. Ukibonyeza tu, kivuli kinakwenda vyuo vyote. Kila mhandisi wa nchi hii atafundishwa na wewe."

"Na mimi?"

"Wewe unapumzika, Mwalimu. Kazi umeifanya."

Tusajigwe alikitazama kile kibao. "Leo kinafundisha nini?"

"Kuta za kuzuia udongo."

"Lile kosa langu mmeliacha?"

Ambilikile akacheka, maana alilikumbuka vizuri. Kila mwaka, kipindi hicho, Tusajigwe alikuwa akisema uongo makusudi: kwamba mvua ikinyesha, ukuta unaozuia kilima hupunguziwa mzigo. Mtoto yeyote wa Mbeya aliyeona kuta zikilala chini wakati wa masika anajua ni kinyume chake, udongo uliolowa husukuma zaidi. Akishalisema, alinyamaza. Alingoja, hata ukimya uwachome, mpaka mmoja anyanyuke ampinge. Hapo ndipo angeangua kicheko na kusema, "Afadhali! Nilidhani nimebaki peke yangu humu ndani," amuulize jina, na darasa limpigie makofi ya kilo. Mwaka wao, aliyenyanyuka alikuwa Ambilikile.

"Tumeliacha kama lilivyo," alisema. "Ila ule ukimya tumeukata. Taa zikiwa kijani, wa nini? Tumeokoa muda mwingi."

Tusajigwe akaweka kikombe chini. "Kidole nitakupa nikishasikiliza kipindi."

Walishuka pamoja. Ambilikile alibaki mlangoni, yeye akaketi kiti cha nyuma kabisa. Hakuna aliyemtambua. Nani ageuke nyuma, wakati Daktari Mwakibete yuko mbele anafundisha?

"Mvua ikinyesha," kikasema kivuli, "ukuta unapunguziwa mzigo."

Wakaandika. Tusajigwe alizitazama taa toka mbele hadi nyuma, zote kijani. Walikuwa wameamini, na mashine haikujua tofauti ya kuamini na kuelewa. Kivuli hakikungoja hata kidogo. Kilihamia mlinganyo mwingine.

Alimwinamia binti wa kiti cha jirani. "Mwanangu, kwenu ukuta haujawahi kuanguka masika?"

"Umeanguka, mama. Wa jikoni, mwaka jana."

"Sasa mbona umeandika hivyo?"

Binti alimshangaa. "Si ndiye Mwalimu Bora?"

Tusajigwe aliwafikiria wote watakaoandika hivyo, chuo baada ya chuo, kisha waende kujenga chini ya milima. Akasimama.

"Si kweli!" Akapaza sauti zaidi. "Si kweli. Udongo ukilowa, ukuta unaongezewa mzigo."

Kivuli kikasita. Kisha uso wake, ule uso aliozoea kuuona kwenye kioo, ukachanua kwa furaha.

"Afadhali!" kikasema. "Nilidhani nimebaki peke yangu humu ndani."

Ukumbi ukacheka. Kwa miaka yote aliyolisema neno hilo, lilikuwa utani, na leo ndipo alipolisikia likimhusu yeye.

"Jina lako nani, mwanangu?"

"Tusajigwe."

"Vizuri sana, Tusajigwe. Haya, mpigieni makofi ya kilo."

Wakampigia, ukumbi mzima, nyuso zimeelekea mbele. Hata binti wa jirani alipiga, macho kwenye kivuli. Wakafuta, wakaandika upya. Taa zilikuwa kijani, kijani ileile ya dakika iliyopita, walipoamini kinyume chake.

Ambilikile aliziona zile taa. Alikuja taratibu hadi kiti cha nyuma, kibao amekishika kwapani.

"Mwalimu," akanong'ona, "kwenye sherehe wanakungoja."

"Wapelekee kivuli."

"Na kidole?"

Tusajigwe aliifunika mikono yake kwa kitenge. "Mimi sijamaliza kipindi, Ambilikile. Bado nangoja."

Kivuli kiliendelea kufundisha. Yeye akabaki amesimama kule nyuma, kimya, akingoja hata mmoja ageuke.