Nilitibiwa kwa Mdomo wa Mume Wangu

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na mmoja, mama wa watoto wawili ambao siishi nao. Nimezaliwa upande wa Manyoni, kwa wakulima na wafugaji, na darasa la saba sikulifikia. Msinihurumie bado... Kwanza sikieni upumbavu wangu, maana na mimi nilikuwa nao wa kutosha!

Mume wangu sitamtaja jina. Nitamwita Mwenyekiti, maana cheo hicho alikipenda kuliko jina alilopewa na mama yake. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa. Kalamu mbili mfukoni, na kusoma kwenyewe kwa shida!

Tulipoamriwa kuhamia kijijini, watu walisitasita. Wengine walikuwa na mtama shambani, wengine hawakutaka kuyaacha makaburi ya wazazi wao. Mwenyekiti akataka kuonyesha mfano. Akaja na mgambo wa kubomoa, akaanza na nyumba yake mwenyewe. Lakini mimi mkewe hakuniambia! Nilikuwa ndani namnyonyesha mwanangu Juma, mtoto wa siku kumi na mbili, nikasikia lori likinguruma uani, kisha udongo wa paa la tembe ukaanza kutuangukia. Nilitoka mbio na mtoto, macho yamejaa vumbi. Nikamkuta mume wangu amesimama pembeni anapigiwa makofi.

Tangu siku ile moyo wangu haukutulia. Kila nikisikia lori, mapigo yalinienda mbio, mikono ikatetemeka, pumzi ikanikatika nikadhani nakufa. Na malori hayakuisha! Leo bwana shamba, kesho wakubwa wa wilaya. Siku moja niliwapelekea wageni uji, lori lao likawashwa nje, nikadondosha sufuria lote mbele yao. Uji ukaruka mpaka kwenye viatu vya Mwenyekiti.

Je, aliniuliza ninaumwa nini? Aliniuliza kwa nini namwaibisha!

Zahanati yetu ilikuwa na dresa mmoja, mfunga vidonda aliyegawa na dawa, rafiki yake wa kunywa naye pombe. Nilitaka kwenda mwenyewe, akakataa. Akasema mke wa kiongozi haketi benchi la wagonjwa akitetemeka watu wakimtazama, atakwenda yeye kunisemea. Basi akaenda. Akamwambia dresa kwamba mkewe anatetemeka na kudondosha vyombo. Hakutaja lori, hakutaja paa, hakutaja hofu. Dresa naye hakuomba hata kuniona. Akafunga vidonge kwenye kipande cha gazeti, kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Nami nikavimeza. Kijijini kwetu kuchukuliwa dawa na mtu mwingine si ajabu, mama anamchukulia mwana, mume anamchukulia mke. Tena nilimshukuru!

Nisiwe mwongo, moyo ulitulia. Lori likipita nililitazama kama mbuzi anavyolitazama. Lakini nguvu zangu zilikwenda wapi? Mimi niliyekuwa natwanga mtama kabla ya jua kuchomoza, sasa saa nne asubuhi nimelala kwenye kinu. Jembe likawa zito. Mwanangu Rehema, miaka mitano, akaanza kumbeba mdogo wake kwa sababu mama hainuki. Hata hamu ya kuongea sikuwa nayo. Nilikaa tu, nikaangalia moshi.

Nikamwambia Mwenyekiti, "Baba Rehema, hii dawa inanituliza lakini inaniua mikono. Nakuomba umwambie dresa anipe nyingine, ya kunituliza na kazi nifanye."

Akajibu, "Kazi gani? Sasa ndiyo umekuwa mke. Hupigi kelele, huaibishi mtu."

Siku ya pili akarudi na vidonge vilevile. Safari hii viwili viwili!

Nilihangaika peke yangu. Bibi mmoja jirani alinipa gome la mti nichemshe, nikatapika siku mbili na moyo ukaenda mbio vilevile. Nikajaribu kuruka kidonge cha asubuhi, nikatetemeka kuliko zamani, nikaogopa, nikarudia kumeza. Nilikuwa nachagua kati ya kuogopa na kulala... Huo ni uchaguzi gani, ndugu zangu?

Mtama wa shamba la kijiji ukaanza kutia maziwa. Hapo ndipo kwelea kwelea wanapokuja, na wanakuja maelfu kwa maelfu. Kila kaya ilipewa zamu ya kuamia, yaani kukaa juu ya dungu tangu alfajiri na kombeo na debe kuwafukuza ndege. Zamu yetu ilipofika, Mwenyekiti alikuwa na kikao. Alikuwa na kikao kila siku yenye kazi! Nikamwambia sitaweza, nitalala. Akasema nikikosa, watu watasema kiongozi anapendelea nyumba yake. Akanisimamia mpaka nikameza vidonge vyangu viwili, akaondoka.

Nilipanda dungu. Nilipiga debe mpaka jua lilipopanda kidogo. Baada ya hapo sikumbuki.

Niliamshwa na vilio vya wanawake. Shamba lilikuwa jeusi kwa ndege, wanainuka na kutua. Upande mzima wa mashariki yalibaki mashuke matupu. Ule ulikuwa ugali wa kijiji kizima, na mimi nilikuwa juu yake nimelala!

Mkutano ukaitwa siku hiyohiyo. Nilikaa chini na watoto wangu, nikamtazama mume wangu. Sentensi moja tu ingeniokoa. Angesema, "Mke wangu anakunywa dawa ya usingizi niliyomletea mimi," basi. Dresa naye alikuwapo, anaangalia vidole vyake vya miguu.

Mwenyekiti akasimama, akarekebisha kalamu zake. Akasema, "Ndugu wananchi, hata kama ni mke wangu, kupe ni kupe!"

Wakampigia makofi. Yaleyale ya siku ile ya paa.

Tulipofika nyumbani akachukua vidonge vyote akavitupa chooni, kusudi ushahidi usiwepo. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba dawa ile haiachwi ghafla. Siku ya tatu nilikuwa kisimani, nikaona giza, nikaanguka. Waliniambia nilirusha mikono na miguu, povu likanitoka mdomoni. Tangu hapo nikawa mwenye kifafa. Watu kwetu wanaliogopa lile povu, wanasema linaambukiza. Nikatengewa bakuli. Mama mkwe akamchukua Juma kifuani kwangu, bado ananyonya, akasema mtoto wao hatanyonya kifafa.

Wiki ile Mwenyekiti akanirudisha kwetu. Watoto, akasema, ni wa ukoo wake. Rehema alilia akinishika khanga mpaka ikachanika. Juma hakulia, hakujua kinachotokea.

Baba yangu alinipokea. Alinipakia kwenye baiskeli akanipeleka hospitali ya misheni, kule mlimani, akisukuma zaidi ya kuendesha. Mganga wa pale alikuwa mama wa makamo, mkali kidogo. Akaniuliza nilimeza vidonge gani. Nilikuwa na kimoja, kilijificha kwenye pindo la khanga. Akakigeuzageuza.

"Hivi ni vya kifafa," akasema. "Nani alikuambia una kifafa?"

"Sikuambiwa, mama. Nililetewa tu."

"Nani alikupima?"

Nikajibu, "Mume wangu." Niliposikia sauti yangu mwenyewe ikisema hivyo, nikaona aibu kuliko siku ya mkutano. Mtu mzima mimi! Nilimpa kazi ya kunisemea ugonjwa mwanamume asiyeweza hata kuniuliza hali!

Akanieleza kwamba kuanguka kule kulitokana na kuacha ghafla. Akanirudishia dawa ileile, akaipunguza kidogo kidogo kwa miezi miwili. Kisha tukaanza kutafuta. Nasema kutafuta, kwa sababu dawa ya hofu haipatikani siku moja. Ya kwanza ilinikausha mdomo na kunilaza mpaka adhuhuri. Nikarudi nikasema mwenyewe. Ya pili ilinipa mikono yangu lakini hofu ikabaki. Nikarudi tena. Ya tatu, nusu kidonge asubuhi, ndiyo ilinifaa. Na kila mara alinitaka nimsimulie habari za lori na paa, nikalia, akaniacha nilie. Msimu uliofuata nilivuna uwele wa baba yangu kwa mikono yangu, na lori likipita barabarani nilishtuka, nikapumua, nikaendelea.

Habari za kupona kwangu zikamfikia Mwenyekiti. Akaja, amekonda, akamsalimia baba yangu shikamoo mara mbili. Mke aliyemwoa baada yangu alikuwa na mimba na shamba halikuwa na mtu. Akasema nirudi, niwe na wanangu. Moyo wangu uliruka kwa furaha, sitaficha! Kisha akaongeza kwamba nisimwambie mtu habari za vidonge, maana dresa angepata matatizo, na uchaguzi wa kijiji ulikuwa karibu.

Nikamwambia, "Nitarudi siku utakayosema mkutanoni ulichonilisha."

Akacheka. Akapanda baiskeli yake akaondoka. Uchaguzi alishinda!

Naruhusiwa kuwaona watoto mara moja kwa mwezi. Natembea saa tano. Rehema hunikimbilia tangu mbali. Juma hujificha nyuma ya mama yake mpya, na mwezi uliopita, aliposukumwa mbele anisalimie, aliniamkia vizuri kabisa... akaniita shangazi.

Dada zangu, sisemi msinywe dawa. Mimi nainywa na ndiyo inayonisimamisha. Lakini mwili wako uuseme kwa mdomo wako. Dawa ikikulaza rudi ukaseme, ikikushinda rudi tena, wala usiitupe kwa hasira. Na mumeo akisema atakwenda kukusemea yeye, vaa viatu vyako, umtangulie!